Pendo, Haki na Shamba la Mizabibu

Tangu zamani watu wa mataifa mengi wamezoea kuyataja mapenzi na divai kwa pamoja. Washairi wa Uajemi walifanya hivyo, wa Uyunani walifanya hivyo, na hata leo mtengenezaji wa sinema akitaka kuwaonyesha wapendanao huwaketisha mezani, akawawekea chupa moja na bilauri mbili kati yao. Sababu yake si ngumu kuijua. Mapenzi huchangamsha moyo, na divai kadhalika. Mapenzi hulegeza ulimi, na divai kadhalika. Tena vyote viwili vyaweza kumpumbaza mtu mwenye akili timamu. Wahenga wetu, ambao wengi wao hawakuijua divai, waliujua vema ulevi wa mapenzi, wakasema: akipenda, chongo huita kengeza.

Katika insha hii sina nia ya kuusifu ulevi wa aina yoyote, uwe wa chupa au wa moyo. Swali ninalotaka tulichunguze ni jingine. Divai ina mambo mawili: kunywewa kwake na kutengenezwa kwake. Kuinywa ni jambo la saa moja. Kuitengeneza ni kazi ya miaka. Je, pendo la mume na mke lafanana na divai katika lipi kati ya mambo hayo mawili? Na ikiwa lafanana nayo katika kutengenezwa, yaani ikiwa pendo ni kazi, basi swali la pili halikwepeki: kazi hiyo ni ya nani, na mavuno yake ni ya nani?

Maswali haya sikuyapata vitabuni. Niliyapata katika shamba dogo la mizabibu mkoani Dodoma, nilipokuwa mwalimu kijana katika kijiji kimoja cha huko. Ndiyo maana naomba msomaji aniruhusu kwanza nimtembeze shambani, kisha turudi pamoja kwenye hoja.

Dodoma ni nchi ya ukame. Mvua zake kwa kawaida huanza mwezi wa Desemba na kwisha Aprili, na miezi inayobaki ni ya jua na vumbi. Wagogo, ambao ndio wenyeji wa nchi hiyo, tangu kale wametegemea mtama, uwele na ng'ombe. Mzabibu ni mgeni kwao. Miongoni mwa watu wa kwanza kuupanda huko ni wamisionari Wakatoliki wa Bihawana, katika miaka ya 1950. Kisha ukaenea katika vijiji kama Mpunguzi na Hombolo, na huko Makutupora kikawekwa kituo cha utafiti wa zao hilo. Katika nchi za baridi mzabibu hupukutisha majani, ukalala wakati wa kipupwe, na kuzaa mara moja tu kwa mwaka. Dodoma hakuna usingizi wa namna hiyo. Mkulima akiupogoa kwa wakati wake na kuupatia maji, aweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Mvuno wa mwanzo wa mwaka huja na mvua na magonjwa yake, hasa ubwiri. Ule wa Agosti na Septemba huja wakati wa kiangazi, na aghalabu ndio wenye zabibu tamu zaidi.

Nyumba niliyopewa ilipakana na shamba la ekari moja, mali ya bwana mmoja na mkewe. Walipooana, kila upande ulitoa chake. Upande wa mume ulitoa ng'ombe wa mahari, kama ilivyo desturi ya Wagogo. Upande wa mke ulitoa kitu ambacho hakikuhesabiwa na mtu yeyote siku ile: mzigo wa vipando vya mizabibu, vimefungwa katika gunia lililoloweshwa maji. Baba wa binti alikuwa kibarua katika shamba la wamisionari, na binti mwenyewe alijifunza kupogoa tangu utotoni. Mume alikuwa hodari wa kuchunga na kulima mtama, lakini mkasi wa kupogolea hakupata kuushika. Kwa hiyo uchumba wao, kama walivyonisimulia wenyewe kwa vicheko, uliendelea hata baada ya ndoa. Mke alimfundisha mumewe mahali pa kukata na mahali pa kuacha. Na mume, ingawa alikuwa amekwisha kuelewa, alikosea makusudi ili afundishwe tena.

Mimi niliwakuta wakiwa na watoto watatu, na mizabibu yao ilikuwa imekomaa. Jioni, nilipokwisha kusahihisha madaftari, nilikwenda kuwasaidia kufunga vikonyo kwenye waya. Mambo mawili niliyojifunza hapo yafaa kuelezwa.

La kwanza ni juu ya wakati. Mzabibu hautoi mavuno ya maana mpaka upate kama miaka mitatu tangu kupandwa. Na ukitunzwa, huendelea kuzaa kwa miongo mingi. Anayepanda mizabibu, basi, hapandi kwa ajili ya njaa ya mwaka huu. Tena zabibu ina tabia ambayo wengi wetu, tuliokulia kwenye migomba na miembe, hatuijui. Ndizi hukatwa mbichi, ikavundikwa, ikaiva. Embe nalo huivia kapuni. Zabibu haivundikwi. Siku kishada kinapokatwa mtini, utamu wake umekomea hapo hapo. Kikikatwa kichachu kitabaki kichachu, hata ukifunike kwa majani ya aina gani. Ndiyo maana yule mama hakukubali kuvuna kabla ya kuonja mwenyewe. Alitafuna tembe chache kutoka pembe mbalimbali za shamba, akazitema mbegu kiganjani, akazitazama kama zimegeuka rangi ya kahawia. Kama bado zilikuwa za kijani, alisema neno moja tu: bado.

Hapana shaka vijana wetu wamezoea pendo la kuvundikwa. Watu wawili hukutana, wakatiana maneno matamu, wakaingia katika ndoa hali hawajajuana, kwa imani kwamba kilichopungua kitaivia ndani. Sisemi kwamba watu hawabadiliki wakiisha kuoana. Lakini mambo ya msingi, kama ukweli, huruma na moyo wa kazi, ni kama utamu wa zabibu: hupatikana mtini, yaani katika malezi na katika muda wa kuchunguzana. Harusi haiwezi kuyazalisha. Harusi huyavuna tu. Mvumilivu hula mbivu, walinena wazee, na kwa zabibu methali hii haina njia ya mkato.

La pili ni juu ya kupogoa. Mtu asiyeujua mzabibu huona huruma akitazama unavyopogolewa. Matawi mengi hukatwa, mti ukabaki kisiki chenye vidole vichache, na pengine mahali pa jeraha hutoka maji, matone kwa matone, kama machozi. Lakini zabibu huzaliwa juu ya machipukizi mapya. Mti usiopogolewa hujaa majani; ukiutazama kwa mbali utadhani ndio wenye afya kuliko wote, kumbe vishada vyake ni vidogo na vichachu. Pendo nalo ni hivyo hivyo. Kila mmoja wa wapendanao huja na matawi yake: kiburi cha nyumbani kwao, marafiki wa ujana, mazoea ya kutumia fedha bila kuulizwa. Wasipokubali kukata, nyumba yao itapendeza kwa majani, nayo haitakuwa na matunda.

Nilipoyaeleza haya kwa yule mama, akiwa na mkasi mkononi, alinitazama akatabasamu. "Ni kweli, Mwalimu," alisema. "Ila mkasi huo uangalie ulipo. Katika nyumba nyingi unashikwa na mmoja, na matawi yanayokatwa ni ya mwingine." Siku ile niliyachukua maneno hayo kama mzaha. Haukupita muda mrefu nikayaelewa.

Ulifika msimu wa kiangazi, na mavuno yalikuwa mazuri kuliko yote niliyoyaona. Gari la mnunuzi lilikuja asubuhi, mizani ikatundikwa kwenye tawi la mti, na kreti zikapimwa moja baada ya moja. Karani alipouliza jina la mwenye shamba, lilitajwa jina moja, likaandikwa jina moja, na fedha zikahesabiwa katika kiganja kimoja. Yule bwana hakuwa mlevi wala mtu wa anasa, na naomba msomaji alikumbuke hilo, kwa maana lawama ya mlevi ni rahisi mno na haitufundishi kitu. Fedha zile alizitumia kwa jambo ambalo ukoo mzima ulimpongeza: alinunua ng'ombe, akamtolea mahari mdogo wake aliyekuwa amechelewa kuoa. Mkewe alizipata habari hizo kutoka kwa jirani, siku ng'ombe walipopita njiani.

Mama yule hakugomba. Alihudhuria harusi ya shemeji yake, akapika, akaimba pamoja na wanawake wengine. Lakini msimu wa kupogoa ulipowadia hakuonekana shambani. Alilima mtama, aliteka maji, aliwatunza watoto na wakwe, mizabibu hakuigusa. Mume alipogoa peke yake, na safari hii alikosea bila kukusudia. Baada ya majuma kadhaa nilimwuliza yule mama, kwa adabu, kama amekasirishwa na ile mahari. Alinijibu, "Mwalimu, ningeulizwa, ningetoa. Yule ni mdogo wangu pia. Lakini sikuulizwa."

Kijijini maneno yalikuwa mengi. Wazee waliokaa chini ya mbuyu walikuwa na hoja, na hoja yao si ya kudharauliwa. Walisema: penye pendo hakuna hesabu. Mama hamwandikii mwanawe deni la maziwa. Mke na mume wakianza kupimana kwa mizani, huyu amepogoa mistari kumi, huyu amebeba ndoo ishirini, nyumba hiyo imekwisha kuwa duka. Mke anayehesabu, walisema, amekwisha kuacha kupenda.

Tuitazame hoja hiyo kwa makini. Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani wa kale, aliugawa urafiki katika aina tatu: ule wa faida, ule wa starehe, na ule wa wema. Tena alisema kwamba malalamiko hutokea zaidi katika urafiki wa faida, kwa sababu kila mmoja hutaka apate zaidi. Kwa hiyo wazee wetu, ingawa hawakumsoma Aristotle, wangeweza kumwita awe shahidi wao. Wangesema: mmeona, anayelalamika juu ya mapato alikuwa na urafiki wa faida tu.

Lakini shahidi huyo huyo, akiulizwa zaidi, anasema na jambo jingine. Aristotle alifundisha pia kwamba urafiki na haki huhusu mambo yale yale, na kwamba kadiri urafiki unavyozidi kuwa wa karibu ndivyo na madai ya haki yanavyozidi. Kumdhulumu mgeni ni kosa; kumdhulumu rafiki ni kosa kubwa zaidi. Hapa twaona jinsi mawazo ya wazee wale yalivyopinduka. Wao walidhani kwamba pendo likiingia, haki hupewa ruhusa ya kutoka. Kumbe pendo likiingia, haki huzidi kudaiwa, kwa kuwa aliye karibu nawe ndiye usiyeweza kujikinga naye.

Nami ningependa kuongeza hoja moja ambayo maneno ya yule mama yalinifungulia. "Ningeulizwa, ningetoa." Wazee walikuwa na haki kusema kwamba uzuri wa pendo ni kutoa. Lakini ili mtu atoe, hana budi kwanza awe na kitu kilicho chake. Mtumwa aliyempikia bwana wake hakumkaribisha chakula, hata kama chakula kilikuwa kitamu na hata kama alikipika kwa moyo safi. Chakula hakikuwa chake na mikono yake haikuwa yake. Vivyo hivyo, mke ambaye jasho lake lachukuliwa bila kuulizwa hakunyimwa fedha tu. Amenyimwa nafasi ya kuwa mkarimu. Mume yule alitoa zawadi kubwa kwa mdogo wake, akapata sifa za utoaji; na aliyechangia nusu ya zawadi hiyo, au zaidi ya nusu, alipita harusini kama mpishi wa kuazimwa. Kwa hiyo si kweli kwamba mizani ni adui wa pendo. Penye mizani ya haki ndipo kila mmoja ajuapo kilicho chake, na ajuaye kilicho chake ndiye awezaye kukitoa kwa furaha.

Jambo hili lahusu taifa zima, wala si nyumba moja tu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikulificha: lilitamka kwamba wanawake waishio vijijini hufanya kazi kuliko watu wengine wote nchini, na likawahimiza wanaume wa vijijini waongeze juhudi. Miaka minne baadaye Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliipa mahakama uwezo wa kugawanya mali iliyochumwa kwa juhudi ya pamoja pale ndoa inapovunjika, na iliagiza mchango wa kila mmoja utazamwe, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi. Likabaki swali: je, kupika, kulea na kutunza nyumba ni kazi ya namna hiyo? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililijibu katika shauri ambalo wanasheria hulitaja mpaka leo: kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Tukumbuke kwamba mwanamke aliyeleta shauri lile hakupata alichokiomba, kwa kuwa mahakama iliona amekwisha kupewa fungu lake hapo awali. Lakini kanuni iliwekwa, na wengine wakanufaika nayo.

Hata hivyo sheria, ijapokuwa ni njema, hufika nyumba ikiwa imekwisha kubomoka. Hakimu hugawanya sufuria na mabati. Hawezi kurudisha jioni zile ambazo mume alikosea makusudi ili afundishwe tena. Swali letu ni la kabla ya mahakama: watu wawili wanaopendana wafanyeje ili wasifike huko? Jibu nililipata, bila kulitazamia, kwenye pipa la divai.

Mavuno yaliyofuata yalikuwa haba. Vishada vingi viliharibiwa na ubwiri, maana aliyejua dalili zake za kwanza hakuwapo shambani. Mnunuzi alichagua kreti chache, akaziacha nyingine. Yule bwana, kwa kuona hasara, aliamua kuzikamua zilizobaki apate divai kidogo, kama mkewe alivyozoea kufanya kila mwaka kwa kiasi cha pipa moja. Alizichambua, akaziponda, akautia mchuzi wa zabibu katika pipa la plastiki. Na kwa kuwa alikwisha kusikia kwamba hewa huiharibu divai, alilifunga kifuniko kwa nguvu zake zote.

Ni vema wanafunzi waelewe kilichotokea ndani ya pipa lile. Juu ya ganda la zabibu na ndani ya vyombo vya kazi mna hamira, viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Hamira hula sukari ya mchuzi, ikaigeuza kuwa kileo, na wakati huo huo ikatoa hewa ya kaboni, ile ile itoayo mapovu. Mwanasayansi Louis Pasteur wa Ufaransa alizichunguza kazi za viumbe hao katika karne ya 19, na kitabu chake juu ya divai kilitoka mwaka 1866. Mchuzi unapochemka kwa uchachu, hewa hiyo haina budi kutoka. Ikizibiwa, hujijaza mpaka chombo kikapasuka. Lakini pipa likiachwa wazi kabisa, huingia viumbe wa aina nyingine ambao, wakipata hewa ya nje, huigeuza divai kuwa siki. Basi mtengenezaji mwenye ujuzi hutoboa kifuniko tundu dogo, akapitisha mpira mwembamba, na ncha ya mpira huo akaizamisha ndani ya chupa ya maji. Kwa njia hiyo hewa ya ndani hutoka, povu moja moja, na hewa ya nje haipati mlango.

Yule bwana hakuweka mpira. Siku ya tatu usiku kifuniko kiliruka kwa kishindo, nusu ya mchuzi ikamwagika, na sote majirani tukaamka. Tulipofika tulimkuta amesimama, kanzu yake nyekundu tangu kifuani mpaka miguuni. Mkewe alitoka na taa, akamtazama, akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza kwa miezi mingi. Mume naye, baada ya kunyamaza kitambo, alisema mbele yetu sote, "Mke wangu, niambie nilipokosea."

Mkewe akauliza, "Pipani au nyumbani?"

"Kote," akajibu.

Sisi majirani tuliona haya, tukaaga. Yaliyosemwa usiku ule ni yao wawili. Lakini alfajiri tuliona mpira mwembamba umechomekwa kwenye kifuniko, na chupa ya maji kando yake, ikitoa povu moja moja. Na msimu uliofuata, karani wa mnunuzi alipouliza jina la mwenye shamba, yule bwana alitaja majina mawili. Karani akasema kwamba daftari lina mstari mmoja tu kwa kila shamba. Yule bwana akamjibu kwamba mwandiko mdogo utaenea.

Nimeifikiri habari ya mpira ule kwa miaka mingi. Katika malezi yetu tumewasifu sana wake wanyamavu na waume wasiosema yaliyo moyoni. Tumewaambia mabinti zetu siku ya harusi kwamba siri ya nyumba haitoki nje, nasi tumesema kweli. Nyumba iliyo wazi kwa kila mpita njia huchachuka ikawa siki. Lakini hatukuwaambia kwamba ndani ya nyumba yenyewe lazima pawe na njia ya kutolea pumzi. Kinyongo ni zao la kawaida la watu wawili wanaoishi na kufanya kazi pamoja, kama hewa ile ilivyo zao la kawaida la uchachu. Kuwapo kwake hakuonyeshi kwamba pendo limekufa; huonyesha kwamba kuna jambo linageuka kuwa jingine. Kosa ni kukizibia. Mume amwulize mkewe kabla ya mizani wala si baada yake, na mke aseme siku ya kwanza wala asingoje miezi. Nalisema hili la mwisho kwa uangalifu, kwa maana si haki kumlaumu aliyenyamaza ikiwa nyumba haikumpa tundu la kusemea.

Nisingependa msomaji adhani kwamba yote yalirudi kama zamani. Mizabibu kadhaa ya mstari wa mashariki, iliyokosa matunzo mwaka ule, ilikauka. Waliipandia mipya, lakini mipya ilihitaji miaka yake, na nilipohamishwa kijijini pale bado mstari ule ulikuwa na mapengo. Niliwahi kumsikia yule bwana akimwonyesha mwanawe wa kiume mapengo hayo. Alisema, "Hapa ndipo nilipouza bila kumwuliza mama yako." Naona hilo lilikuwa somo bora kuliko mengi niliyoyafundisha mimi darasani. Na kuhusu ile mahari, mama yule alisema baadaye, mbele ya shemeji yake, kwamba ng'ombe wale walitolewa vema na yeye ameridhia. Hapo ndipo alipotoa zawadi yake. Ilichelewa, lakini ilikuwa yake.

Sasa twaweza kulijibu swali tulilolianza. Pendo la mume na mke lafanana na divai, ila si katika kunywewa. Utamu wa siku za kwanza ni halali, nami sitaki kuutia aibu. Mume aliyekosea makusudi ili afundishwe tena alikuwa katika furaha ambayo kila mtu aitamani. Lakini furaha hiyo haikuweza yenyewe kuilinda nyumba. Kilichoilinda ni mambo yale yale yanayolinda shamba na pipa: kungoja uivu wake, kupogoa pande zote mbili, kupima kwa haki, na kutoa pumzi. Mkono mmoja haulei mwana, wala mkono mmoja haulei mzabibu. Na mikono miwili ikilea, isiwe mmoja wa kufanya kazi na mwingine wa kupokea.

Wako miongoni mwa wasomaji wasiogusa divai kwa sababu ya dini au ya afya, na vijana wa shule hawapaswi kuigusa kamwe. Mafunzo haya hayahitaji bilauri. Zabibu za Dodoma huliwa mbichi, na maji yake hunywewa kabla ya kuchachuka. Walimu wanaoitumia insha hii wangeweza kuwauliza wanafunzi wao swali moja lililo karibu zaidi nao kuliko divai: katika nyumba unamolala, ni kazi ya nani inayoliwa kila siku bila jina lake kuandikwa popote? Mwanafunzi akilijibu kwa kweli, aende nyumbani jioni hiyo akaliandike.